B1 kwa Miezi Mitatu

Kuna bango limebandikwa kwenye nguzo ya stima karibu na stage ya Olympic, juu ya tangazo la mganga na tangazo la keja ya elfu nne. Lina rangi za bendera ya Ujerumani, nyeusi, nyekundu na dhahabu, na limeandikwa kwa herufi kubwa: B1 KWA MIEZI MITATU. KAZI TAYARI. Kuna picha ya muuguzi mzungu anayecheka, na namba ya simu. Hakuna jina la mwalimu, hakuna anwani. Kuna neno moja tu la Kijerumani hapo, na limekosewa.

Nimelipita hilo bango karibu mwaka mzima nikienda kupanda namba 8. Mwanzoni lilikuwa linanichekesha. Halafu jirani yangu akapiga ile namba.

Nitamwita Sista kwa sababu ndivyo ploti nzima inavyomwita. Ana diploma ya uuguzi, ana leseni, na ana miaka minne kwenye kliniki ndogo ya huku Kibera, kwa mshahara ambao nikiutaja hapa ataacha kunisalimia. Ajenti alimwambia atoe elfu themanini na tano: masomo, vitabu, na "kuunganishwa na mwajiri". Pesa zikatoka kwa chama, kwa kaka yake mkubwa, na kwa zile apu za mkopo ambazo ukichelewa siku mbili zinampigia pasta wako. Darasa lilikuwa watu arobaini kwenye chumba kimoja juu ya duka la simu, na mwalimu mwenyewe alikuwa amepita B1 mwaka uliotangulia. Miezi mitatu ikaisha. Sista akaenda mtihani, akapita kusoma na kusikiliza, akaanguka kuandika na kuongea. Akarudia, akapita. Mwaka mmoja na zaidi ulikuwa umeenda. Ndipo ajenti akamwambia, kwa sauti ya mtu anayekukumbusha ufunge mlango, kwamba kwa muuguzi mwenye diploma B1 haitoshi. Inatakiwa B2. Na B2 ni kifurushi kingine.

Naandika nikiwa na hasira, sitajifanya sina. Lakini nilitaka kujua hasira yangu inamwendea nani hasa, kwa hivyo nikaenda kusoma hizi herufi zilitoka wapi. Nilichokuta ni kwamba tumeuziwa kitu tofauti kabisa na kile kilichotengenezwa.

Herufi zenyewe ni sita: A1, A2, B1, B2, C1, C2. Mtu mzima akisoma Kijerumani, Kifaransa au Kihispania leo, awe Nairobi au Bogotá, atapimwa kwa hizo. Zilichapishwa mwaka 2001 na Baraza la Ulaya, lile la Strasbourg (si Umoja wa Ulaya, watu huchanganya). Wazo ni la zamani zaidi. Mwaka 1975 Mholanzi mmoja, Jan van Ek, aliliandikia baraza hilo kitabu cha kueleza mtu mzima anahitaji Kiingereza kiasi gani ili ajitegemee katika nchi ya wenyewe. Kiwango hicho alikiita kizingiti. Hicho ndicho kizazi cha hii B1 ya kwenye nguzo ya stima. Sasa fikiria neno lenyewe: kizingiti cha mlango, unakivuka uingie ndani. Swali lake halikuwa mtu huyu ni wa daraja gani. Swali lilikuwa, mtu huyu akitua mahali, atahitaji kufanya nini kwa lugha? Kununua tiketi, kuomba radhi, kumwonyesha daktari panapouma.

Kisha katika miaka ya 90, huko Uswisi, nchi ambayo yenyewe ina lugha nne za taifa, walimu karibu 300 walipewa rundo la sentensi zinazoanza na "anaweza", wakazitumia kuwatazama wanafunzi wao, kama 2,800 hivi. Anaweza kuagiza chakula. Anaweza kueleza kwa nini amechelewa. Anaweza kufuata mhadhara. Kutokana na macho ya hao walimu ndipo sentensi zikapangwa, za chini chini, za juu juu. Ndiyo maana kitabu kizima cha 2001 kimejengwa kwa "anaweza". Hakuna mahali kimeandika "ameanguka". Waandishi wake walisema mapema kabisa kwamba hawakuja kuamrisha mtu afundishe nini, walikuja kuuliza maswali. Na walisema wazi kwamba mtu mmoja anaweza kuwa juu kwenye kusikiliza na chini kwenye kuandika, na kwamba hiyo ni hali ya kawaida ya binadamu, si ugonjwa.

Soma maelezo ya A1, ile ngazi ambayo kila mtu anaidharau. Inasema, kwa maneno yangu, kwamba mtu anaweza kujitambulisha, kuuliza na kujibu kuhusu anakoishi, watu anaowajua, vitu alivyo navyo, mradi yule anayeongea naye aongee pole pole na awe tayari kumsaidia.

Rudia hapo mwisho. Mradi yule mwingine aongee pole pole.

Yaani hata wazungu waliotunga hii kitu walijua kwamba ngazi ya lugha ni ya watu wawili. Kuna wewe, na kuna yule mbele yako, na subira yake imehesabiwa ndani ya alama yako. Ukikutana na mtu mwenye roho nzuri, A1 yako inafanya kazi ya A2. Ukikutana na karani wa mkono mzito, B1 yako inakufa kwenye koo. Sista anajua hilo kuliko mtunga mtihani yeyote, kwa sababu ni kazi yake ya kila asubuhi. Nyanya ametoka ushago juzi, Kiswahili chake ni maneno ishirini, anashika kiuno. Sista anapunguza mwendo, anabadilisha maneno, anaonyesha kwa mkono. Nyanya anatoka ameelewa dawa anameza lini. Kwenye hiyo dakika tano nani alikuwa na ngazi gani?

Lakini bango haliuzi "anaweza". Bango linauza herufi na muda.

Basi tufanye hesabu, maana hesabu haihitaji ajenti. Goethe-Institut, ambao ndio wanaotunga mtihani wenyewe, wanakadiria kwamba mtu hufika B1 baada ya vipindi kati ya 350 na 650 vya dakika 45. B2 ni kati ya 600 na 800. Hiyo ni kuanzia sifuri. Tuseme umekuwa mwanafunzi mwaminifu wa lile darasa la juu ya duka la simu: saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki kumi na mbili. Unapata saa 240, sawa na vipindi 320. Bado hujafika hata ukingo wa chini wa B1. Na hiyo ni kama mwalimu anakuja kila siku, kama hakuna maandamano Jumanne, kama mvua haijafunga njia ya Lindi, kama hufanyi zamu ya usiku kliniki, kama kuna kiti. Kwa watu arobaini darasani, kila mmoja akipewa zamu sawa ya kufungua mdomo, unaongea dakika sita kwa siku. Sista alianguka kuongea. Alikuwa hajaongea!

Mtu ataniambia wapo waliopita kwa miezi mitatu. Wapo, namjua mmoja, ana kichwa kama sumaku. Lakini hakuna mtu anayetengeneza bango la shule ya udereva kwa kutumia Lewis Hamilton.

Sasa upande wa mlango wenyewe, kwa sababu ajenti ni papa mdogo na bahari ni kubwa.

Tarehe 13 Septemba 2024, huko Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa kazi, Rais Ruto na Chansela Scholz wakiwepo. Siku hiyo hiyo ikazunguka habari kwamba Wakenya 250,000 wamefunguliwa mlango. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikakanusha hadharani: mkataba hauna idadi yoyote, na kila mtu bado atatimiza masharti ya sheria yao. Kukanusha hakukupanda namba 8. Kilichopanda ni ile 250,000, ikashuka Olympic, ikaingia Makina, ikavuka mpaka Kawangware, na mabango yakaota kama uyoga.

Masharti ya sheria yao, basi. Msichana wa Kawangware akiolewa na Mjerumani na akitaka kumfuata Stuttgart, kwa kawaida lazima aonyeshe A1 kabla ya kupewa viza. Imekuwa hivyo tangu 2007. Akiolewa na Mmarekani anayeishi hapo hapo Stuttgart, haombwi A1. Mjapani, Mkorea wa Kusini, Muaustralia, vile vile. Akiolewa na Mfaransa anayefanya kazi huko, pia haombwi. Kwa hivyo mume mwenye Kijerumani nyumbani, ambaye angemfundisha mkewe wakila supu, ndiye anayeambiwa mke aje akiwa amejifunza. Naye mhandisi wa kompyuta mwenye mkataba wa mshahara mnono anaingia kwa Kadi ya Buluu bila cheti chochote cha Kijerumani. Hispania nao, tangu 2015, humtaka anayeomba uraia aonyeshe A2 ya Kihispania, isipokuwa ametoka nchi ambako Kihispania ni lugha rasmi. Hiyo ya mwisho naielewa kidogo, mtu wa Guinea ya Ikweta umpime Kihispania cha nini. Lakini sasa njoo Uingereza.

Kenya ina Kiingereza kama lugha rasmi, iko kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 7. Tunafunzwa hesabu kwa Kiingereza, tunachapwa kwa Kiingereza, KCSE ni Kiingereza, uuguzi unasomwa kwa Kiingereza. Ila Kenya haimo kwenye orodha ya Uingereza ya nchi ambazo watu wake wanaaminiwa kuongea Kiingereza. Na tangu Januari 2026 mfanyakazi mpya mwenye ujuzi anayeomba viza huko anadaiwa B2, imepanda kutoka B1. Mwaka 2021 aliyekuwa waziri wa afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 wa Kenya waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende Uingereza, 10 tu ndio walipita. Nakumbuka vile nchi ilicheka. Mitandaoni ilikuwa ni meme wiki nzima, Wakenya wakiwacheka wauguzi ambao usiku huo huo walikuwa wanawashika mikono wagonjwa wa korona na kuandika ripoti za zamu, kwa Kiingereza.

Watu 290 wanaofanya kazi kwa lugha fulani kila siku wakianguka mtihani wa lugha hiyo, kuna maswali mawili. La kwanza ni kama watu hawajui. La pili ni kama mtihani unapima kitu kingine: insha kuhusu mambo ambayo mgonjwa hatakuuliza kamwe, lafudhi kwenye kaseti, mbio za saa, mazoea ya kufanya mitihani ya aina hiyo. Nchi nzima iliuliza la kwanza. La pili sikulisikia.

Kwenye Biblia, kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kuna kivuko cha mto Yordani. Watu wa Gileadi wamekishika. Kila anayetaka kuvuka anaambiwa aseme neno moja, Shibolethi. Waefraimu hawana hiyo "sh", wanasema Sibolethi, na hapo hapo wanauawa. Sisemi mtihani wa B2 ni mauaji, msinielewe vibaya. Lakini mtaa huu una watu wanaokumbuka mwanzo wa 2008, wakati kwenye vizuizi vya barabarani kabila lako lilisomwa kwenye kitambulisho na kwenye ulimi wako. Sisi si wageni wa mitihani ya lugha. Tunajua kwamba anayeshika kivuko ndiye anayechagua neno, na kwamba mara nyingi neno lenyewe halina kazi yoyote ng'ambo ya mto.

Hapa naomba nisimame upande wa pili kidogo, kwa sababu Sista mwenyewe alinikatiza nilipofika hapa. Tulikuwa tumekaa nje, anaosha buti za kazi. Akaniambia, "Wewe unaongea tu. Mgonjwa akiniambia kifua kinambana na mimi nisikie mgongo, atakufa." Ni kweli. Mzee wa Leipzig ana haki ya kueleweka kama nyanya wa Makina. Sitaki muuguzi anayekisia miligramu. Kwa hivyo sisemi ngazi zifutwe. Nasema muuguzi apimwe uuguzi. Upo mtihani wa Kijerumani uliotungwa kwa ajili ya wahudumu wa afya, unaitwa telc B1-B2 Pflege, wenye mazungumzo ya wodi na makabidhiano ya zamu. Sista hakuwa amewahi kuusikia. Na tangu Machi 2024 sheria ya Ujerumani ina njia ambapo mtu mwenye taaluma iliyosomewa angalau miaka miwili anaweza kuingia na A2, akiwa na mkataba na mwajiri, akafanya kazi huku akitafuta utambuzi wa cheti chake na kupanda ngazi huko huko, kwenye lugha yenyewe, ambako mwenye duka, kondakta na mzee wa ghorofa ya chini wote ni walimu wa bure. Hiyo pia hakuambiwa. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Njia hiyo inamhusisha mwajiri, na mwajiri akihusika gharama inaanza kuulizwa ni ya nani.

Hapo ndipo penyewe. Nchi yenye wazee wengi na wauguzi wachache inataka mikono. Kumfundisha mtu mzima lugha hadi B2 ni vipindi 600, ni gharama ya kweli, kama gharama ya kitanda au ya mashine ya presha. Gharama hiyo imesukumwa mpaka ikashuka kwa chama cha akina mama kumi na wawili wa Gatwekera. Wao ndio wanaofadhili uhaba wa wauguzi wa Ujerumani. Na Sista akianguka, hasara hailiwi na hospitali ya huko wala na ajenti, inaliwa na wao.

Lakini tusijitoe. Ajenti ameuza kwa sababu sisi ni wanunuzi wazuri wa herufi. Tumelelewa hivyo. Mtoto wa Kenya alikuwa KCPE mpaka 2023, sasa amekuwa kiwango cha matarajio: amezidi, amefikia, anakaribia, yuko chini. Mtu mzima anaitwa D plain mpaka anazeeka. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, na bado kwenye harusi ya familia kuna mjomba ananitambulisha kwa ile digrii ambayo sina. Kwa hivyo B1 ilipofika mtaani ilikuta kitanda kimetandikwa. Siku hizi utasikia kijana anasema "mimi ni B1", kama mtu anayetaja kundi la damu. Ukimuuliza, haya, unaweza kufanya nini kwa Kijerumani, anakuangalia kama umemtukana mama. Hajawahi kuulizwa hilo swali. Ila ndilo swali pekee ambalo ngazi zilitungwa ili kulijibu.

Acha niziulize hizo ngazi zijibu kuhusu mtaa wetu, maana zinaweza, na hapa ndipo raha ya hii kitu ilipo.

Jina Kibera lenyewe ni la Kinubi, kibra, msitu. Wanubi walikaa hapa baada ya kuwatumikia Waingereza jeshini, na lugha yao, yenye mizizi ya Kiarabu cha kusini mwa Sudan, bado inaongewa Makina. Sista ni Mluo. Kidholuo ni cha mama. Kiluhya alikiokota kwa majirani, Kiswahili na Sheng kwa mtaa, Kiingereza kwa shule, na Kinubi kiasi cha kumuuliza mtu kama amelala vizuri, kama anatapika, kama kuna damu. Mpe ile orodha ya "anaweza" na uwe mkweli. Kidholuo C2. Kiswahili C1, atajishusha lakini ni C1. Kiluhya B2 ya kusikiliza na B1 ya kuongea. Kinubi A2 ya kliniki, ambayo ina kazi kuliko C1 za watu wengi. Na mwaka 2020, Baraza la Ulaya lilipotoa toleo jipya la mwongozo wake, liliongeza kurasa na kurasa kuhusu upatanishi: uwezo wa kubeba maana kutoka kwa mtu hadi kwa mtu mwingine, kumweleza huyu alichosema yule, kulainisha, kufupisha, kuzuia watu wasigombane. Wakati huo huo wakaondoa ile desturi ya kumpima mwanafunzi kwa kumlinganisha na mwenye lugha aliyezaliwa nayo. Nilisoma orodha hiyo ya upatanishi nikashangaa, kwa sababu ni maelezo ya kazi ya Sista saa tatu asubuhi, akiwa katikati ya mama Mnubi, daktari Mkikuyu na mkwe wa Kakamega anayetaka kujua bili.

Kwenye fomu ya ajenti kuna sehemu ya lugha. Kiingereza, Kijerumani, kisha "Nyingineyo", mstari mfupi ambao hata neno Kidholuo linajikunja. Sista aliuacha wazi. Nilimuuliza kwa nini. "Hizo si lugha za kuandika hapo," akasema.

Hapo ndipo niliumia kuliko zile elfu themanini na tano.

Kwa sababu kuna mabosi wa mashirika ambao wamekaa Kilimani na Lavington miaka kumi, kazi yao ni "kufanya kazi na jamii ya Kibera", na Kiswahili chao chote ni jambo, asante, pole pole na ile nyingine ya kwenye filamu ya simba. Hiyo haifiki A1. Lile toleo la 2020 lina ngazi chini ya A1, na nina hakika haikutungwa kwa ajili yao, lakini inawatosha kama glavu. Hakuna anayewadai cheti ili wapewe kibali cha kazi. Sheria yetu ya uraia na uhamiaji ya 2011 inamtaka mgeni ajue Kiswahili au lugha nyingine ya hapa pale anapoomba kuwa raia. Kufanya kazi, hapana. Anakuja na karani wa kumtafsiria, na karani huyo ni kijana wa hapa mwenye lugha tano ambazo hazimo kwenye wasifu wake kwa sababu naye aliambiwa si za kuandika hapo.

Nataka nini, basi? Nataka wizara ya leba, ambayo tayari inatoa leseni kwa maajenti wa kazi za nje, ifanye iwe kosa kwa ajenti kuuza ngazi ya lugha na nafasi ya kazi kwenye kifurushi kimoja. Anayefundisha afundishe, anayetafuta kazi atafute, na wasiwe mtu mmoja mwenye namba moja ya simu. Nataka serikali ikitia saini mkataba mwingine wa kupeleka watu, kwenye ukurasa wa kwanza iandikwe nani analipa vipindi 600. Nataka wewe unayesoma hii ukiwa kwenye 46 na pesa ya watu kwenye simu, kabla hujabonyeza kutuma, umuulize mwalimu kwanza mambo matatu: darasa ni watu wangapi, nitaongea dakika ngapi kwa siku, na taaluma yangu inadai ngazi gani na mtihani gani. Akikujibu kwa kukuonyesha picha za watu wakiwa uwanja wa ndege, weka simu mfukoni. Na ujue kwamba mtihani wa B1 na ule wa B2 wa Goethe una moduli nne zinazojitegemea, alama 60 kwa 100 kila moja, na ukianguka moja unarudia hiyo moja. Kuna ajenti anawalipisha watu zote nne.

Ajenti wa Sista alihamisha ofisi Februari. Ile namba kwenye bango bado inaingia, lakini sasa inapokelewa na mtu mwingine, anayesema kampuni ina jina jipya.

Sista hakulipa kifurushi cha pili. Alikopa vitabu vya B2 kwa mtu, akasoma na wenzake wawili wa kazi, jioni, kwenye chumba cha dawa baada ya kliniki kufungwa, wakiongea Kijerumani tu kwa saa moja na kutozana shilingi kumi kwa kila neno la Kiswahili. Alifanya mtihani kwa pesa zake. Kusoma alipita, kusikiliza alipita, na kuongea, ile ya kuongea iliyomwangusha kwenye B1, alipata alama nzuri kuliko zote. Kuandika alipata 56.

Moduli hiyo ni dakika 75: maoni ya maneno 150 ya kuchangia mjadala mtandaoni, kisha ujumbe wa maneno 100 kwa mkubwa wa kazi. Anarudia mwezi ujao. Jana usiku alinigongea saa nne na daftari, akitaka nimpe mada yoyote tu aandikie. Nikamwambia aandike kuhusu lile bango. Akaniambia hajui Kijerumani cha kutukana kiasi hicho, nikasema hiyo ni C1, akaketi kwenye jerikani pale mlangoni akaanza kuhesabu maneno.